Kijiko Nusu

Nyuma ya kaunta, Ruwi, saa tano za usiku,
nauza makopo makubwa kama ndoo za rangi:
chokoleti, vanila, sitroberi isiyowahi kuona shamba.
"Dada, hili zuri?"
"Zuri," nasema,
na tumbo langu, chini ya koti jeupe, linaguna:
mwongo wee.

Maana la kwanza nililinunua mwenyewe,
riyali kumi na nane, bei ya mfanyakazi,
unga wa maziwa, kifuniko cha dhahabu,
picha ya dume lenye mishipa kama kamba za mtungi.
Nikalinywa njiani kwenda jimu, Al-Khuweir, ukumbi wa wanawake.
Nilipoinama kukamata chuma
tumbo likatangulia kunena.
Likanguruma, likapiga kinanda, likaita watu kwa majina ya koo zao.
Shinuna, anayenifunza, akazima kiyoyozi asikilize.
"Ni mashine au ni wewe?"
Nikasema mashine.

La pili, soya. Nilivimba
hata nikaazima magauni ya mama.
La tatu, ute wa yai: kiberiti kilicholowa.
La nne sikumbuki ladha yake.
Nakumbuka vigae vya chooni,
thelathini na sita, kimoja kina ufa.

Mama, jikoni kwetu Mabela, hata hakugeuka.
"Tumbo hilo la marehemu baba'ko.
Usiku wa arusi yetu alikula biriani sahani moja tu,
sikumtia machoni mpaka alfajiri.
Kula dengu, mwanangu. Dengu hazina lebo."
Nikamwambia bakuli tatu za dengu
ndizo kijiko kimoja cha unga.
"Basi kula bakuli tatu."
Nikala.
Tusiseme.

Ndipo nikaanza kusoma makopo
kama nisomavyo dawa za watoto wa watu,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
laktosi, gundi, sukari ambayo si sukari,
ladha ya kitu kisichokuwamo.
Kumbe adui hakuwa mmoja.
Kilikuwa kikao.

Marivic, mwenzangu wa zamu, akanitolea mfuko
rangi ya saruji, hauna picha ya mtu.
Njegere. Chumvi. Mwisho wa orodha.
"Nusu kijiko," akasema, "na usiwe na pupa,"
mimi ambaye pupa ndiyo iliyonipeleka kwenye chuma.

Nikaandika nyuma ya risiti:
Jumapili, nusu, maji ya vuguvugu. Kimya.
Jumatatu, nusu. Kimya. (Sikuamini. Nilikaa karibu na mlango.)
Jumanne, kijiko kizima. Upepo kidogo, wa heshima.
Jumatano nilisahau kuandika,
na kusahau kule
ndiko kulikonifurahisha.

Utamu hauna. Ni kulamba ukuta wa nyumba mpya
kabla ya rangi. Naponda tende moja ya halasi ndani yake,
napiga bilauri lote kwa pumzi moja,
nafuta masharubu ya kijivu.

Wiki ya tano, kilo arubaini juu ya kichwa.
Shinuna alinitazama, kichwa kaegemeza upande, anasubiri.
Nami nasubiri.
Chuma kililia peke yake.
Mikono ilitetemeka, magoti yalitetemeka,
kati yao palikuwa patulivu
kama chumba ambacho mgeni msumbufu ameshaondoka
na bado unatembea kwa ncha za vidole.

Jana alikuja kijana, mikono mabua,
akaelekeza kidole kwenye kifuniko cha dhahabu.
"Hili zuri?"
"Tumbo lako je?"
Akageuka kuona nani kasikia,
kana kwamba nimemuuliza deni lake.
Kisha, polepole, akainamia kaunta.
Nikampimia changu, nusu kijiko,
ndani ya kikombe cha dawa ya kikohozi.
Akanusa.
"Kinanuka ukuta."
"Eh," nikamwambia. "Ukuta hauna kelele."